Mtaa wa Tabora, Brussels

Nipo Kitete kwa likizo ya wiki mbili. Nimelala chumba kile kile nilicholala nikiwa darasa la tano, dirisha linatazama mwembe ule ule, na majogoo ya jirani bado hayajajifunza saa. Nilipanga nisiandike kitu. Nilishawaaga kabisa. Lakini juzi jioni mjomba wangu kaniuliza swali, na tangu hapo kichwa hakijatulia, kwa hiyo mtanisamehe.

Mjomba analima Nzega. Shamba lake halikuguswa na lile bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, kwenda Chongoleani, Tanga, ila limepita si mbali, na baadhi ya anaofahamiana nao waliguswa. Alikuja mjini kumwona mgonjwa hospitali, akapita nyumbani. Baada ya shikamoo, marahaba na kikombe cha pili cha chai, akanigeukia.

"Mpwa wangu, wewe si umesoma? Mwaka 2022 redio ilisema wabunge wa Ulaya wamepiga kura juu ya bomba letu. Sasa niambie. Wale wabunge ni wa nchi gani? Nani aliwachagua? Na ile kura yao ilikuwa amri au maoni?"

Jamani. Mimi nina shahada. Nimekaa kwenye mihadhara ya wazi juu ya Ulaya isiyopungua kumi, mingine kama mwanafunzi, mingine kama mwandishi niliyetumwa na gazeti. Nimekula sambusa zao. Nimebeba mifuko ya vitambaa yenye nyota kumi na mbili, mmoja mama anaweka vitunguu mpaka leo. Na jibu nililompa mjomba wangu lilikuwa hili: "Ni Umoja wa Ulaya, mjomba. Wana bunge lao."

Akaniangalia kama mteja anavyomwangalia muuza duka anayesema sukari inakuja kesho. "Hiyo," akasema, "hata redio iliniambia."

Basi nikaanza kujiuliza: hivi kwenye ile mihadhara tulikuwa tunafundishwa nini?

Mnaijua hali ilivyo, wale mliosoma Dar. Bango linabandikwa ubaoni karibu na kantini: profesa fulani kutoka chuo fulani cha Ulaya atazungumzia mustakabali wa Ulaya, au utambulisho wa Ulaya, au Ulaya na Afrika katika karne mpya. Saa nane kamili, maana yake saa tisa. Ukumbi una watu sitini, arobaini kati yao wametumwa na mwalimu wao na watasaini mahudhurio. Lugha ni Kiingereza. Mgeni anaongea dakika hamsini, kisha maswali matatu. Swali la kwanza huwa hotuba. Swali la pili linauliza habari za ufadhili wa masomo. La tatu linalaumu ukoloni wote kwa pamoja, ukumbi unapiga makofi, mgeni anatikisa kichwa kwa huzuni, tunatoka nje kunywa soda.

Katika kumbi hizo Ulaya huwa na sura mbili tu. Ama ni mfadhili, mwenye nembo kwenye kisima na kwenye fulana, ama ni mwizi wa jana. Zote mbili zina ukweli wake. Ila hakuna hata moja inayoweza kumjibu mjomba wangu.

Mara moja nilijaribu kuuliza kitu kingine. Nilikuwa mwaka wa tatu, katika ukumbi mmoja ambao sitautaja, na mgeni alikuwa anaeleza kwamba Ulaya inatafuta utambulisho wake: nini hasa kinamfanya Mfini na Mreno wawe kitu kimoja? Mada nzuri sana. Nikashika kipaza sauti, na lafudhi yangu ya Unyamwezi, nikamwuliza kama anajua kwamba katikati ya Brussels, karibu na jengo la Soko la Hisa, kuna Mtaa wa Tabora. Nikamwuliza jina la mji wetu linafanya nini katika mji mkuu wa Ulaya, na kama linahesabika katika huo utambulisho.

Ukumbi ukacheka. Nadhani walicheka neno Tabora lenyewe, maana kwa watoto wa Dar Tabora ni embe, asali na ushamba. Mwendesha mjadala akasema swali hilo ni la historia na pale tunajadili siasa za sasa, akampa kipaza sauti mtu mwingine. Mgeni, kwa haki yake niseme, alinifuata baadaye karibu na meza ya soda. Akaniambia amepita mtaa ule miaka mingi, kuna baa ya zamani anaipenda, na hakuwahi kujiuliza.

Basi acheni nilijibu mwenyewe swali langu, kwa kuwa hapa nilipo naweza kutembea kwa miguu mpaka kwenye jibu.

Septemba 1916, katikati ya vita vikuu vya kwanza, Tabora ndio ilikuwa makao ya utawala wa Mjerumani. Hali ilikuwa ngumu kiasi kwamba karakana ya reli ilikuwa inafua fedha. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo upande mmoja, ilitengenezwa hapa hapa mwaka huo, na leo watoza sarafu wa Ulaya wanaipigania minadani. Kutoka magharibi likaja jeshi la Mbelgiji, Force Publique, chini ya Jenerali Charles Tombeur. Nasema la Mbelgiji, lakini maaskari walikuwa Wakongo, na nyuma yao wapagazi wasiohesabika vizuri, wengi wakifia njiani. Tarehe 19 Septemba wakaingia mjini.

Kwa Ubelgiji hii haikuwa habari ndogo. Nchi yenyewe karibu yote ilikuwa mikononi mwa Mjerumani, mfalme wao amebanwa kwenye kipande cha ardhi ukingoni mwa bahari, na hapo ikaja habari kwamba bendera yao inapepea juu ya boma la Mjerumani mahali panaitwa Tabora. Tombeur akapewa ubaroni baadaye, na jina la Tabora likaunganishwa na lake, Tombeur de Tabora. Ana sanamu Saint-Gilles, huko huko Brussels. Mtaa nao ukapata jina. Kisha mwaka 1919, mezani na Waingereza, maeneo waliyoyateka wakayatumia kama chenji ya kujipatia Ruanda na Urundi. Sisi tukabaki kwa Mwingereza. Fikiria: babu yake bibi yangu alibadilishwa bwana mara mbili ndani ya miaka mitatu, na hakuna aliyemwuliza hata jina.

Kwa hiyo mtu akiniambia Tabora ni historia na Brussels ni siasa za sasa, napata shida. Mwaka 2020 Bunge la Ubelgiji liliunda kamati maalumu ya kuchunguza ukoloni wao Kongo, Rwanda na Burundi. Ikafanya kazi zaidi ya miaka miwili, ikaita wataalamu na mashahidi wengi, na Desemba 2022 ikavunjika bila makubaliano, kikwazo kikiwa neno moja: kuomba radhi. Mfalme Philippe alikuwa ameshaeleza majuto, mwaka 2020 kwa barua na 2022 kwa mdomo kule Kinshasa, lakini majuto si radhi, na vyama vyao vikagawanyika hapo. Hiyo ni siasa ya sasa. Wanagombania namna ya kuwa Wabelgiji, na sehemu ya ugomvi imefukiwa katika njia ya kutoka Kigoma kuja huku.

Linganisheni na Mjerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier alikwenda Songea, kwenye kumbukumbu ya mashujaa wa Maji Maji, akaomba msamaha. Wiki hiyo hiyo Mfalme Charles alikuwa Kenya, akaeleza majuto yake kwa ukatili wa enzi zile, akaishia hapo. Sisi chumba cha habari tulihangaika kutafuta neno: huyu kaomba msamaha, huyu kasikitika, tuandikeje vichwa vya habari? Siku hiyo ndiyo ningependa kuwe na mtu wa kumpigia simu, Mtanzania anayeijua siasa ya ndani ya Ujerumani, aniambie kwa nini rais wao aliweza na mfalme wa Uingereza hakuweza. Wanasheria wa serikali wanaogopa fidia? Vyama gani vinapinga? Wapiga kura wao wanasemaje? Tulimpigia mtu aliyeko Berlin. Mzungu. Anaongea Kiswahili kizuri kuliko baadhi yetu pale chumbani.

Na hapo ndipo kunapouma. Wao wanatusoma. Kiswahili kinafundishwa Leipzig, Hamburg, Bayreuth, Napoli, London. Berlin walianza kukifundisha tangu 1887, walipofungua seminari yao ya lugha za mashariki, ili maofisa wao wakija huku wajue kuamrisha. Sisi tunawajua kwa mpira wa Jumamosi na kwa viza tulizonyimwa.

Lakini msidhani ilikuwa hivi siku zote. Hili nalipenda, nipeni nafasi kidogo.

Walimu wa Kiswahili kule Berlin hawakuwa Wajerumani peke yao. Alikuwepo Amur bin Nasur kutoka Unguja miaka ya 1890, aliyeandika habari za Berlin kwa macho yake. Wa wakati huo pia ni Salim bin Abakari, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani mwaka 1896 mpaka Urusi na Siberia, akaandika safari hiyo kwa Kiswahili, na ikachapishwa 1901 katika mkusanyiko wa Carl Velten wa safari za Waswahili. Mswahili anaeleza Siberia! Baridi, vyakula, watu wa huko na desturi zao. Anawatazama kama vile wao walivyozoea kututazama sisi.

Na alikuwepo Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, karibu na Bagamoyo, mwanzo wa ile ile njia ya misafara inayopita hapa kwetu. Wengi tunamjua kwa kitabu cha desturi za Waswahili cha 1903. Alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha. Akaoa binti wa Kijerumani, na mwaka 1905 akarudi naye nyumbani. Meli ilipofika Dar es Salaam, serikali ya kikoloni ikamkatalia kushuka na mkewe. Mswahili mwenye mke Mjerumani, hilo lingevuruga kila kitu walichokuwa wanajaribu kusimika huku. Wakarudi Ujerumani. Akazunguka miji ya huko akitoa mihadhara kuhusu Afrika Mashariki, na akafia Berlin mwaka 1927.

Nani ana haki ya kuwa wa Ulaya? Mzee Mtoro alipewa jibu kwenye gati la Dar es Salaam mwaka 1905. Februari 2025 chama cha AfD, ambacho hoja yake kubwa ni hiyo hiyo, kilipata zaidi ya asilimia 20 ya kura Ujerumani na kushika nafasi ya pili. Ukimweka Mtoro katikati ya mhadhara juu ya utambulisho wa Ulaya, mjadala unapata joto, na hatuhitaji kuazima mfano wa mtu.

Baadaye kidogo, Mlimani. Walter Rodney alifika 1966, akaondoka, akarudi 1969 akakaa mpaka 1974, na kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kikatoka 1972, London na hapa hapa Dar kupitia Tanzania Publishing House. Wanafunzi walikuwa na umoja wao wa kimapinduzi, Yoweri Museveni akiwa kiongozi, na madarasa ya itikadi siku za Jumapili. Jumapili, wasomaji wangu! Hakuna aliyesaini mahudhurio. Wazee waliokuwepo wanapenda kutusimanga na hadithi hizo, kwamba vijana wa leo hatusomi. Nakubali nusu. Nusu nyingine ni kwamba hata mijadala ile ilikuwa Kiingereza, ndani ya uzio wa chuo, na wakulima waliokuwa wanazungumziwa walikuwa nje ya uzio. Profesa Shivji na wenzake walipoanzisha tamasha la Kigoda cha Mwalimu Nyerere mwaka 2009 waliamsha tena moto ule, na mtu kama Wole Soyinka akaja kutoa mihadhara. Lakini na Kigoda chenyewe kipo Dar. Kutoka Nzega mpaka Mlimani ni zaidi ya kilomita mia tisa.

Na mtu mmoja alionyesha kwamba mambo ya Ulaya yanaweza kukaa ndani ya Kiswahili bila kuvunjika. Mwalimu Nyerere alisoma Tabora School kuanzia 1937, akarudi kufundisha St. Mary's hapa hapa mjini kuanzia 1946, ndipo akaenda Edinburgh. Mwaka 1963, nchi bado changa kabisa, akatoa tafsiri ya Julius Caesar. Siasa za Roma, usaliti, umati unaogeuzwa kwa hotuba moja. Alikuwa rais, na alikuwa na kazi nyingine za kufanya. Nadhani alijua wananchi wake walikuwa na haki ya kuyasikia yale kwa lugha yao.

Rafiki yangu mmoja, tulisoma pamoja, hapendi hoja yangu hii. Anasema tumeshaongea habari za Wazungu vya kutosha, sasa tuongee habari zetu. Miaka sitini tunawatazama wao tu. Kwa nini usitake mihadhara juu ya Burundi, au Kongo, majirani tusiowajua? Nimekaa na maneno yake siku mbili. Kuhusu Kongo ana haki kabisa, na siku nyingine nitaandika. Lakini nadhani anachanganya kuwatukuza watu na kuwajua. Mfanyabiashara wa Unyanyembe zamani alikuwa anaijua merikani kwa kuipapasa tu gizani, anajua ipi nzito, ipi imewekwa wanga, ipi itakataliwa Ujiji. Haikuwa kwa sababu anawatukuza Wamarekani walioifuma. Asingejua, angeliwa.

Tena niwaambie, kuna wakati maarifa yalikuwa yanatoka huku kwenda huko. Burton na Speke walipofika hapa Novemba 1857, enzi hizo wageni wakipaita Kazeh, walikuta wafanyabiashara Waarabu wenye baraza, kahawa na habari. Ni hao, Snay bin Amir hasa, waliowaeleza kwamba ziwa si moja, kwamba kaskazini liko jingine kubwa zaidi. Mwaka 1858 Speke akamwacha mwenzake mgonjwa hapa, akaenda kulitazama, akalipa jina la malkia wao. Wakagombana miaka sita. Septemba 1864 ikaandaliwa hadhara kubwa Bath, Uingereza, Burton na Speke wakabiliane mbele ya wasomi juu ya chanzo cha Nile. Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake siku moja kabla. Wanasema ilikuwa ajali. Mimi ninachokiona ni hiki: hadhara iliyosubiriwa kwa hamu kuliko zote za wakati ule ilikuwa juu ya jambo lililosemwa kwanza barazani Tabora, na waliolisema hawakuwa na kiti ukumbini.

Nirudi kwa mjomba. Niliona haya, nikashika simu na bando langu la wiki, nikasoma usiku. Kesho yake sikwenda kumweleza peke yake. Alikuwa kwenye kijiwe cha kahawa jirani na nyumbani, na wazee watano na kijana mmoja wa bodaboda. Nikakaa kwenye benchi, nikanunua kahawa ya wote, ndio ulikuwa ukumbi wangu.

Nikawaambia: kura ile ya tarehe 15 Septemba 2022 haikupigwa Brussels, ilipigwa Strasbourg, Ufaransa, kwa sababu bunge lao lina makao mawili na wabunge huhama na makabrasha yao kila mwezi. (Wakacheka sana. Mzee mmoja akasema kumbe posho za safari zipo hata huko.) Wabunge wale walikuwa 705, sasa ni 720, kutoka nchi 27. Wanachaguliwa na wananchi wenyewe kila baada ya miaka mitano tangu 1979. Mjerumani ana viti 96, Malta viti sita. Uingereza haimo tena. Walipiga kura ya kutoka Juni 2016, wakatoka Januari 2020.

Wenye kuandika miswada ya sheria ni Kamisheni, na kila nchi ina kamishna wake mmoja. Wenye kupitisha ni bunge pamoja na baraza la mawaziri wa nchi hizo. Kuna baraza jingine la wakuu wa nchi. Na kuna Baraza la Ulaya lenye nchi 46, ambalo si la Umoja wa Ulaya kabisa ingawa bendera ni hiyo hiyo. Hapo mzee mmoja akaniambia nipumzike, ninywe kahawa.

Na kura juu ya bomba? Lilikuwa azimio. Walilaumu haki za watu na mazingira, wakaitaka TotalEnergies, yenye hisa asilimia 62, isimame mwaka mmoja na kuangalia njia nyingine. Halikuwa na nguvu ya sheria. Uganda na Tanzania zikalikataa, ujenzi ukaendelea, kiwanda cha kuweka mabomba kinga ya joto kikafunguliwa Sojo, Nzega, mwaka 2024. Lakini maneno yale yaliongeza nguvu kwa wanaharakati waliokuwa wanazibana benki, na benki nyingi za Ulaya zikakaa mbali na mradi. Kwa hiyo mjomba: yalikuwa maoni, ila maoni yenye gharama.

Kijana wa bodaboda akauliza kama sisi tumewahi kuwakatalia wao kitu. Nikamwambia ndiyo. Mkataba wa kibiashara wa EPA, Novemba 2016, Bunge letu lilikataa. Mzee Mkapa alikuwa ameshaupinga kwa maandishi mwaka ule, kwamba viwanda vyetu vichanga vitazikwa na bidhaa zao zisizo na ushuru. Kenya ilikwenda njia yake, ikasaini wa kwake Desemba 2023, ukaanza kazi Julai 2024. Sasa Kenya inauza huko maua na chai kwa uhakika, na sisi tumelinda tulichokilinda. Nani alikuwa sahihi? Mimi nina maoni yangu, nadhani tulikuwa sahihi kukataa, ila tulifanya kosa la kwenda kulala baada ya kukataa. Hakuna aliyekaa na wananchi akawaeleza tulikataa nini. Wale wazee, wakulima wa tumbaku na warina asali, watu ambao bei zao zinategemea ushuru na vipimo vya maabara za Ulaya, neno EPA walikuwa wanalisikia kwangu kwa mara ya kwanza.

Ninachotaka ni kidogo. Tabora hii ina chuo cha Askofu Mkuu Mihayo, ina Chuo cha Utumishi wa Umma, ina vyuo vya ualimu, na Tabora School yenye ukumbi. Mara moja kila baada ya miezi miwili, mtu anayejua aje aongee juu ya Ulaya kwa Kiswahili, milango wazi, saa ambayo mtu ametoka shambani. Uchaguzi wa Ufaransa na maana yake kwa wanajeshi wao walioko Afrika. Sheria mpya za mazao. Makumbusho ya Berlin na mafuvu ya mababu. Nani mwenye haki ya kuitwa Mjerumani. Na tafadhali, pesa ya kukodi viti isitoke ubalozi wowote wa Ulaya. Nimeona mijadala ya kuichambua Ulaya iliyolipiwa na Ulaya, kila mtu anakuwa mpole ghafla. Viti vya harusi vipo vya kukodi hapa Kitete, bei zinazungumzika.

Najua mtasema naota. Wahadhiri wana mzigo wa kufundisha, vyuo vinadai ada, nani atapanda basi siku nzima aje kuongea na warina asali? Inawezekana hakuna. Mimi mwenyewe mpaka juzi nilikuwa nimepita mlango wa boma la Mjerumani mara elfu bila kufikiria chochote, kama yule profesa na baa yake.

Kijiweni giza lilishaanza kuingia. Mzee mkubwa kuliko wote, alikuwa kimya muda wote ule, akaniuliza: "Huo mtaa wa Brussels. Wamebandika maelezo pale? Mtu anayepita anaambiwa Tabora ni nini na nani alikufa?"

Nikamwambia sijui, mzee wangu.

"Si una rafiki huko? Mwambie aende aangalie."

Nimemwandikia yule mgeni wa meza ya soda, barua pepe yake nilikuwa nimeihifadhi. Nimemwomba akienda kwenye baa yake apige picha kibao cha mtaa, na ukuta wote unaokizunguka. Kijiwe kinakutana tena Ijumaa.